Kinyozi Aliyedhaniwa Amelewa

Mama Pacha alikuwa dobi. Alifulia uani na kupiga pasi sebuleni. Mumewe alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi, aliyejisifu kwamba hajawahi kumkata mteja isipokuwa shemeji yake mmoja, na huyo alijitakia.

Jumamosi moja mchana, akiwa katikati ya kichwa cha dereva wa lori, Baba Pacha alishika kisogo chake mwenyewe akasema kuna kitu kimepasuka humo ndani. Akayumba, akatapika, ulimi ukawa mzito. Dereva akamkimbiza hospitali hivyo hivyo, nusu ya kichwa chake imenyolewa na nusu nyingine msitu, na pale mapokezi watu walicheka kwanza ndipo wakauliza kuna nini.

Shida ilianzia kwenye harufu. Vinyozi husafisha mashine kwa spiriti, na chupa ilikuwa imemmwagikia shatini alipoyumba. Daktari wa zamu alisimama mbali kidogo, akanusa, akamwona mtu anayeyumba na kuongea kama ana uji mdomoni, akaona hana la kuuliza zaidi. Akaagiza alazwe kwenye benchi la korido mpaka pombe imtoke.

Mama Pacha alifika mbio, mikono bado ina povu. Aliwaambia mumewe hanywi. Akawaambia tena. Muuguzi, wala hakuwa na ubaya, akamjibu kwamba kila mke husema hivyo. Basi akaketi, akakipakata kichwa cha mumewe, akawa anasikiliza anavyokoroma kwa sauti asiyoizoea.

Zamu ilipobadilika jioni, daktari mwingine, mama wa makamo, alipita koridoni akasimama. Alimfinya kinyozi ukucha, akammulika macho, kisha akaita machela kwa sauti iliyowageuza watu wote. Kipimo kilionyesha damu imevujia kwenye ubongo. Wakampasua. Alipona, kama huko ni kupona: upande wa kulia ulipooza, na maneno yakawa yanatoka moja moja, kwa kuvutwa.

Tangu hapo Mama Pacha akawa na kazi mbili, na zote zilikuwa za kunyanyua. Alimgeuza mume, akageukia beseni. Mtaani wakanong'ona kwamba kinyozi alikuwa anakunywa kwa siri, na sasa pombe imemlipa. Maneno hayo yalimfikia wifi yake, dada wa Baba Pacha, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, na ndiye aliyetafuta wakili wa kuishtaki hospitali. Alisema mlevi katika ukoo wao yupo na anajulikana, lakini si kaka yake.

Kesi ikaanza, yaani ikaanza kuahirishwa. Mara jaji anaumwa, mara wakili wa hospitali amesafiri, mara faili halionekani. Kila mara ilibidi Mama Pacha amwogeshe mumewe, aupitishe ule mkono mzito kwenye shati, amfikishe mahakamani, kisha warudi walivyokuja. Akaanza kuomba kimoyomoyo kesi ijifie yenyewe. Siku moja akamwambia wifi yake waziwazi kwamba yeye basi, imetosha.

Baba Pacha alikuwa amelala chumba cha pili, mlango wazi. Wakamsikia anahangaika na koo lake.

"Waseme," alisema. Wakangoja. "Sikulewa."

Hakuna aliyezungumzia tena kuacha.

Siku ya mashahidi, dereva wa lori aliulizwa na wakili wa hospitali alijuaje kwamba kinyozi hakuwa amelewa. "Mheshimiwa, alikuwa na wembe shingoni mwangu," akajibu. "Ningejua." Hata karani aliinamisha uso kuficha kicheko.

Kisha akapanda kizimbani yule daktari wa zamu ya mchana. Mama Pacha alikuwa amemwekea hasira siku nyingi, akiitunza isimwagike. Alitarajia jitu lenye kiburi. Akamwona mwanamume aliyekonda, kola ya shati imemlegea, akijibu bila kuzungukazunguka.

"Nilinusa spiriti nikadhani pombe. Sikumpima," alisema. "Nilikuwa nimeunganisha zamu. Nilikuwa nimechoka."

Neno hilo Mama Pacha alilijua kwa mgongo na kwa magoti. Hakumsamehe. Ila hasira yake ilikosa pa kukaa, na bila hiyo alijihisi mtupu, kama atasinzia pale pale kwenye benchi. Walipotoka, daktari alimsogelea akamwambia, "Pole, mama." Akaitikia asante kwa mazoea, kisha njia nzima akajikasirikia kwamba ulimi ulimtangulia.

Hukumu ilipotoka, jaji alisema hakuna awezaye kujua ni kiasi gani cha mtu huyu kingeokolewa angepimwa mapema, lakini alinyimwa nafasi hiyo, na kosa ni la hospitali. Akasoma pia kwamba mgonjwa hakuwa amelewa. Baba Pacha alimvuta dada yake mkono ili amrudilie hilo la mwisho. Akarudiliwa. Akalia kwa jicho moja, maana la upande wa kulia lilikuwa halimtii.

Hospitali ikakata rufaa, ikaburuta miguu, mwishowe ikaona afadhali wapatane. Inagharamia mtu wa kumfanyisha mazoezi, na msaidizi wa kumwogesha. Saluni yake ilishachukuliwa na kinyozi mwingine. Wifi alitaka wafanye sherehe; Mama Pacha akamwomba wasifanye, akaenda kulala mchana kweupe, viatu miguuni.

Siku hizi Baba Pacha hutembea kwa fimbo hadi getini, mkewe akiwa ubavuni. Akifika hapo hutaka waendelee hadi barabarani. Mama Pacha humwambia kesho, na mara nyingine huwa kweli.