Kwamboka na Mlima wa Nyaramba

Enzi zetu kule Nyaramba, mtoto akizaliwa mnene, sifa zake zilifika kanisani kabla yake. Kaka yangu Ombati alikuwa hivyo. Siku ya Sabato akina mama walimpokezana baada ya ibada, wakimsifu mama kwa maziwa mazuri. Mimi niliyemfuata nilizaliwa kama kifaranga. Mama alinifunga kifuani kwa leso miezi mizima, na hakuna aliyeomba kunibeba.

Tulimcheka Ombati kwa mashavu yake, lakini mlima wa kwetu ulimmaliza unene. Kulikuwa na maji ya kuteka mtoni, shule ng'ambo ya bonde, na mpira wa majani makavu ya migomba hadi giza liingie. Alipofika darasa la tano, mbavu zilionekana.

Binti yangu Kwamboka naye alizaliwa mkubwa, mjini Kisii, tukashangilia vilevile. Sasa ana miaka saba. Basi la shule humchukua mlangoni, na mpira anaucheza kwenye simu. Juzi daktari alituambia uzito wake umezidi kimo chake. Baadhi ya wanaozaliwa wakubwa huendelea hivyo wasipoangaliwa.

Likizo hii nilimpeleka kwa mama, Nyaramba. Mezani nikamwondolea chapati aliyoongezwa. Mama akaweka sufuria chini.

"Unamnyima mtoto chakula mbele yangu?"

"Mama, daktari amesema..."

"Daktari hakukuona ulipozaliwa. Ni mimi niliyekuwa nikisikiliza kama bado unapumua."

Hakuna aliyekula tena. Kwamboka alitutazama mmoja mmoja, kisha akaisukuma sahani yake.

Asubuhi mama na Kwamboka walienda mtoni wawili. Nikiwa kwenye shamba la majani chai niliwaona wakipanda na maji. Katikati ya mteremko Kwamboka akachuchumaa, akihema kwa sauti iliyonifikia. Mama akatua ndoo. Akainama, akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto, akakaa hivyo muda mrefu.

Walipofika, mama hakunitazama. Jioni alimpakulia mwenyewe: ugali kidogo, mboga ya chinsaga kwa wingi.

"Kesho tutaenda tena," akamwambia. "Tutapumzika njiani."

Mlima ni uleule. Sisi tulitumwa tu, tukanung'unika, tukaenda, wala hatukujua kwamba tulikuwa tukipewa kitu. Huyu wangu, lazima nisubiri shule zifungwe ndipo nimtafutie mto na mlima wa kupanda.