Mume Wangu Alipoambiwa Asijibu

Walimchukua mume wangu mchana, pale Lemara kwenye banda lake la kushonea viti vya magari. Jirani alinieleza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuamsha mtoto. Kwa siku kadhaa sikujua alipo. Kila kituo cha polisi nilichokwenda waliniambia hayupo, nami nikawa natembea kama niliye usingizini, ukungu wa Mlima Meru umeshuka hadi kwenye mapaa.

Nilimwona tena mahakamani, kanzu ikimpwaya. Wakasoma shtaka: ugaidi. Neno lile lilinifikia taratibu, kana kwamba nimezama majini na mtu analisema juu. Hakimu akamwambia asijibu lolote, maana mahakama ile haikuwa na mamlaka ya kusikiliza shauri kama hilo. Dhamana hakuna. Upelelezi haujakamilika.

Tukarudi, tukarudi tena, upelelezi bado. Siku zile zimeingiliana kichwani, sijui ipi ilitangulia. Nakumbuka feni ikizunguka bila upepo, na mama yangu ubavuni. Mama ni Mmeru, Mlutheri wa kwaya, na nilipoolewa na Mwislamu hakuja harusini. Lakini aliposikia habari aliteremka kutoka kwenye migomba yake, akawa anaketi nami kwenye benchi lile kila kesi ilipotajwa.

Siku moja alimuuliza wakili wetu, msichana aliyekuwa akimwamkia shikamoo, kama mkwewe ameshahukumiwa. Wakili akasema bado, na kwamba Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika.

"Na huko ndani," mama akauliza, "hiyo Katiba inamfikia?"

Wakili akafunga jalada lake. "Ndiyo kazi yangu, mama. Kuifikisha."

Kisha asubuhi moja mwendesha mashtaka alisimama akasema Jamhuri haina nia ya kuendelea na kesi. Basi. Hakuna shahidi aliyesikilizwa, hakuna aliyetuomba radhi. Tulisubiri uani tukihofu watamkamata tena mlangoni, kama tulivyosikia wengine wanavyofanyiwa. Alitoka akifinya macho kwa jua. Mama akasema twende nyumbani, na nyumbani alimaanisha kwake, mlimani.

Huko mume wangu alilala sana. Alipoamka alikaa barazani, kahawa mkononi.

"Hawakuniambia nilifanya nini," alisema. "Nilitaka tu kujibu kwamba sikufanya."

"Nijibu mimi," mama akasema.

"Sikufanya, mama."

"Nimekusikia, mwanangu."

Tulihamia upande wa Makumira, akafungua banda jingine. Wateja walikuja polepole. Mmoja wa zamani alisimama barabarani muda mrefu akimtazama, halafu akaenda zake. Mume wangu aliendelea kukata ngozi ya kiti, mvua nyepesi ikinyesha huku jua likiwaka, nami nikaingia ndani kumwekea maji ya kuoga.