Mama Mukwe Alikuwa Wangu

Katika mchezo wetu wa kuigiza, ukumbini mwa parokia, pale Kasuku, mtaa wa Kindu, mama mukwe nilikuwa mimi. Nilijifunga kikwembe cha mama, nikatia mto nyuma, na nikiingia tu, hata sista wa dini alishika tumbo kwa kucheka. Kuna mahali mama mukwe anafunua sufuria, anauliza: «Nani amekula paja la kuku?» Ukumbi mzima unajibu: «Mukwe wako!» Mwalimu wetu, aliyetunga mchezo, hakuyaandika hayo. Watu walijitilia wenyewe, maana Kindu mtu akisikia swali hanyamazi, hata kama si lake.

Ndipo watu wa televisheni wakatua kutoka Kinshasa. Walikuja kutupiga picha tukiimbia Chama tawala. Wakasikia sifa za mchezo wetu, wakautaka nao. Mkubwa wao, koti lake la abakosti limemkaba shingo, alinitazama nikicheza, akainua mkono.

«Sitwayen,» akaniita, yaani mwananchi, «kamera iko hapa. Haiko kule mbali Pangi. Unaita nani kwa sauti hivyo?»

Akampa kikwembe changu jirani yangu, mtoto wa mtu wa reli, ambaye kazi yake ilikuwa kujificha nyuma ya pazia na kutunong'oneza maneno tukisahau. Mutoto ule! Hata akipiga chafya anaomba ruhusa. Na mto wangu ulimkaa vizuri, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Wakafukuza watu wote, wakafunga milango. Jirani akafunua sufuria: «Nani amekula paja la kuku?» Amesimama tu, kifuniko mkononi.

«Unangoja nini?» mkubwa akauliza.

«Ninangoja watu wajibu, papa.»

Nilifurahi, Mungu anajua. Lakini mkubwa akaniita, akanikalisha chini ya kamera. «Wewe utajibu. Usiogope, sauti yako tutaikata.»

Tutaikata! Kwa hiyo Zaire nzima itamuona yeye, mimi sitabaki hata kama sauti.

Akauliza tena. Nikajibu kama mgonjwa: «Mukwe wako.» Nilitaka afe na aibu. Yeye akanitazama, akatia kidole mdomoni polepole, akatoa kipande cha nyama ya kuku kwenye meno, akakitazama, akatazama mlango, akakirudisha na kutafuna. Basi. Mimi ukumbini nisingefanya vile, wa nyuma wasingeona chochote.

Nikacheka. Si kicheko cha kupenda, kilinitoka kama kikohozi, nikaanguka kwenye mguu wa kamera, kila kitu kikatikisika.

«Huyu muzima kweli? Toka inje!» mkubwa akafoka.

Inje, wenzetu waliofukuzwa walinizunguka.

«Yaya,» mdogo mmoja akaniita, «inaenda je?»

«Mubaya kabisa,» nikasema. «Hajui kucheza hata kidogo.»

«Sasa wewe unacheka nini?»

Nikafunika mdomo kwa mkono. Ndani, bila mtu wa kumjibu jirani, mkubwa wa Kinshasa na watu wake walikuwa wameanza kucheka.