Mfyatua Matofali Aliyekunywa Maji Yangu

Nzige walipoingia Itaka tulidhani ni mvua. Naanza na nzige ingawa siyo habari niliyokusudia, lakini nikiwaruka hamtaelewa kwa nini ulezi ulikuwa kitu cha heshima namna ile. Upande wa Rukwa lilitokea wingu jekundu, limelala chini kama moshi wa watu wanaochoma pori, na mama akatuambia tuanue ulezi usilowe. Tukakimbia, tukaanua. Kisha wingu likatua. Matawi ya miti yalikatika kwa uzito wa nzige, nilisikia kwa masikio yangu, tawi moja baada ya jingine, na katikati yake sauti ya kutafuna tu, kama ng'ombe wa nchi nzima wanacheua pamoja. Baba alisimama shambani na ngozi ya mbuzi, akawa anapiga hewa. Baadaye akaacha kupiga, akasimama tu anaangalia. Sijaona tena mtu akiangalia hivyo mpaka nilipokuja kuolewa, na huko ndiko ninakokwenda, msiniharakishe.

Wale nzige tuliwala. Kukaanga tulikaanga, na walikuwa watamu, sitasema uongo. Lakini ulezi ukapotea. Serikali ikaamuru watu wapande mihogo, tukala mihogo mpaka tumbo likasahau kitu kingine. Mbegu ya ulezi ilibaki kwa bibi wachache waliokuwa wameificha kwenye vibuyu vilivyozibwa kwa mavi ya ng'ombe, na walioomba walipimiwa kwa kiganja. Kwa hiyo ulezi uliporudi vizuri, na watu wakapata tena wa kutengenezea pombe, mtu akipika alikuwa kama anatangaza kwamba mji wake haukufa. Mwaka huo ndio nilioolewa, nikahamia upande wa Igamba, mwendo wa kutoka alfajiri mpaka jua la saa nne.

Mume wangu alikaa nami miezi miwili, akaenda Chunya kwenye dhahabu. Rika lake lote lilikuwa huko. Nikabaki na wakwe. Baba mkwe sikuruhusiwa kumtazama usoni wala kusema naye. Akitaka kuniambia jambo aliuambia ukuta wa nyumba, na mimi nyuma ya ukuta nilitakiwa nisikie. Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, na ulimi wake ulikuwa hauna kifuniko. Jina langu hakulitumia. Aliniita "wa Itaka".

Kulima kulikuwa kwa pombe. Unapika, unaita majirani, wanakuja na majembe asubuhi, jua likigeuka wanakaa wanakunywa. Zamu yetu ilipofika nikaambiwa nipike mimi, ndiyo pombe yangu ya kwanza katika mji ule. Nililoweka ulezi, nikauotesha, nikauanika, nikausaga magoti yakachubuka. Haya magoti mnayoniona nikiyakanda kila jioni, kuchubuka kwake kulianzia pale. Siku yenyewe wakaja watu wengi, na kati yao mgeni mmoja, mtu wa mpakani, Mnamwanga wa upande wa Tunduma, aliyekuwa anafyatua matofali ya nyumba ya sala kule Igamba. Alikuwa mtu wa makamo, ana kofia iliyopasuka ukingo. Hakuna aliyemwita. Alisema shamba la jirani ni shamba lake, akalima kuliko wenye undugu.

Sasa sikilizeni desturi yetu. Aliyepika anaonja kwanza mbele ya watu, kuonyesha kwamba hamna kitu ndani. Kisha anapiga magoti anampa mgeni kwa mikono miwili. Mgeni akipokea, hata akagusa mdomo tu, yamekwisha. Akikataa, amesema. Hakusema kwa kinywa, lakini amesema kwamba mwanamke huyu ameweka kitu. Wakristo wachache wa kwetu wakati ule walikuwa wamejifunza namna: wanapokea, wanashukuru, wanampa mwenzao wa pembeni. Huyu hakujua. Kwao Wakristo walikuwa wengi, mtu akikataa pombe hakuna anayegeuza shingo. Nikaonja, nikapiga magoti, nikanyoosha kibuyu. Naye akatikisa kichwa, akakirudisha kwa nyuma ya mkono wake, taratibu, kwa adabu kabisa, kama unavyorudisha mlango.

Nilibaki nimepiga magoti, kibuyu mikononi. Yeye akachukua jembe lake, akaaga, akaenda zake bila kujua ameacha nini.

Baada ya siku chache shangazi wa mume wangu, aliyekuwa anakaa nasi, akaanza kuvimba tumbo. Alikuwa anaumwa tumbo tangu sijafika, alikwisha kuniambia mwenyewe. Lakini hilo sasa halikuwa na wa kulikumbuka. Walikumbuka kwamba alikunywa pombe yangu na mgeni aliikataa. Chakula changu kikawa hakiguswi. Nilipika, nikala peke yangu, kilichobaki wakapewa kuku, na mama mkwe aliwaangalia wale kuku aone kama watakufa. Siku moja baba mkwe akauambia ukuta: mume akirudi kutoka Chunya, au shangazi akifa kabla, huyu arudi kwao na ng'ombe wa mahari warudi. Na mwanamke aliyerudishwa kwa jambo kama hilo haolewi tena. Hata kwao wanaogopa kumpa mtoto ambebe.

Nilimchukia yule mtu wa matofali. Naandika hivyo hivyo. Nimebatizwa baadaye, nimeketi miezi mitatu kwenye darasa la ubatizo na ndipo nilipopata hizi herufi chache ambazo mjukuu anacheka anaponinakilia. Lakini wakati ule nilikuwa sijui Mungu wake, nilijua tu mkono wake.

Habari zikamfikia. Asubuhi moja akaja, hakuingia uani, akasimama njiani pale wapitapo wote waendao Igamba, akavua kofia. Akaita hodi. Mama mkwe akatoka, mimi nyuma yake. Yule mtu mzima, mwenye mvi, akapiga magoti. Siyo kwa mama mkwe. Alinigeukia mimi, mtoto wa kike, mkwe wa juzi, akapiga magoti kwenye vumbi kama mimi nilivyompigia. Mwanamume kwetu hakupiga magoti kwa mwanamke. Waliokuwa wanapita na mizigo ya kuni walisimama.

"Mama," akaniambia, "nimesikia kibuyu nilichokirudisha kimekuangukia wewe."

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Mungu wako anakataza pombe. Kusingizia watu hakatazi?"

"Anakataza. Ndiyo maana nimekuja."

"Basi kunywa pombe ya huyu wa Itaka, watu waone, tumalize."

"Hiyo siwezi, mama, niliahidi. Lakini kitu kingine chochote kitokacho mkononi mwake, nipeni, nitakinywa hapa hapa njiani. Leo na kila siku."

Mama mkwe akaguna, akasema mpe maji tuone. Nikamletea maji. Akayashika kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya ua: "Baba, asante kwa maji haya, na kwa mkono uliochota." Akanywa yote, akakipindua kibuyu ili wapita njia waone kimekwisha. Akavaa kofia, akaenda kwenye matofali yake.

Kesho yake akaja tena. Mimi nilidhani ni mchezo, na hasira ilikuwa bado inanitafuna. Nilikwenda nyuma ya zizi, pale ng'ombe wanapokanyaga, nikachota maji mekundu ya tope. Namwambia Mungu kila mwaka nisamehe, na najua amekwisha kunisamehe, lakini bado namwambia. Yule mtu akayatazama. Akanitazama mimi, mara moja. Akavua kofia, akashukuru kwa maneno yale yale, na mkono uliochota hakuusahau. Akanywa tope lile polepole mpaka mwisho, akafuta mdomo, akapindua kibuyu. Nimewaona nzige wakila nchi, nimekuja kuona ndege ya chuma ikipita juu ya Vwawa, lakini kitu kilichonishangaza kuliko vyote duniani ni koo la mtu yule likipanda na kushuka.

Siku ya tatu niliondoka ndege hawajaamka, nikaenda chemchemi ya juu, ile ya mbali, nikamletea maji baridi.

Akawa anakuja hivyo. Mvua zikanyesha, akaja amejifunika jani la mgomba. Aliugua macho, akaja anapapasa njia kwa fimbo. Hakuhubiri. Watu wengine waliokuja na habari za dini walituhubiria tukasinzia. Huyu alikuwa anakunywa maji tu. Wapita njia wakaanza kuzoea, wengine wakimtania: mzee, huko kwenu Tunduma mito imekauka? Naye akiwajibu kwamba mito ipo, maji ya huyu mama ndiyo hayapo. Wengine walicheka. Wengine walisema tusubiri, dawa nyingine hukaa mwaka ndani ya mtu kabla ya kuamka. Na chakula changu kilikuwa bado cha kuku.

Kisha shangazi akafa.

Siku ya mazishi mji ulijaa. Nilikaa peke yangu kwenye ukuta wa jiko, na pande zote mbili palikuwa na nafasi ya watu watatu ambapo hakuna aliyekaa. Baba mkwe akauambia ukuta mbele ya wote: msiba ukivunjika, siku ya nne asubuhi, huyu anarudi Itaka. Nikaona uso wake kwa bahati mbaya, sikukusudia. Alikuwa anaangalia kama baba yangu siku ile ya nzige, mtu ambaye hajui apige nini.

Ndipo mtu wa matofali akaingia. Safari hii hakusimama njiani. Aliingia uani, akapita katikati ya waombolezaji wote, mikono yake ina udongo mkavu mpaka kiwikoni, akaja akaketi chini pale karibu yangu ambapo hapakuwa na mtu.

"Mama, nipe maji," akasema. "Na kama kuna ugali, nipe na ugali. Nina njaa."

Nikaleta. Maji yakamwagikia goti lake. Akavua kofia, akashukuru kwa sauti ile ile ya ng'ambo ya ua, na msiba wote ukamsikia akisema mkono uliochota, mkono uliosonga. Akala. Alikata tonge, akachovya, akatafuna, hana haraka, na watu zaidi ya mia wakimtazama mdomo. Hata waliokuwa wanalia waliacha kulia. Nilisikia tonge likimezwa. Alipomaliza akalamba vidole, na hapo mzee mmoja nyuma akasema polepole, "Huyu atalala huko huko Igamba, haamki."

Akaamka. Kesho yake alikuja, akala. Siku ya tatu alikuja, akala, akaomba aongezewe. Watu walioishi mbali, ambao kwa kawaida huondoka wakishazika, walibaki ili wamwone tumbo lake. Lilikuwa tumbo la mtu mwembamba afanyaye kazi, halikuvimba wala halikulegea.

Siku ya nne asubuhi mzigo wangu ulikuwa tayari, mkeka, kibuyu na chungu kimoja nilichokuja nacho. Kaka wa mume wangu, aliyetakiwa kunisindikiza, alikwisha kushika fimbo. Yule mtu akaja, amebeba begani fremu yake ya mbao ya kufyatulia matofali, kitu ambacho siku nyingine alikuwa anakiacha kazini. Nikafungua mzigo, nikatoa kibuyu, nikamchotea. Aliposhukuru na kunywa nusu, mama mkwe akasogea. Akasimama juu yetu, mrefu vile, mikono kiunoni.

"Lete na mimi," akasema.

Yule mtu akampa kibuyu. Mama mkwe akakiangalia ndani, akaniangalia mimi. Kisha akanywa, koo lake refu likipanda na kushuka, mpaka tone la mwisho, akakipindua kama alivyomwona mwenzake akifanya siku zote zile.

"Maji ya moto haya," akaniambia. "Kesho uwahi chemchemini."

Nikaelewa neno kesho. Kaka wa mume wangu akaegemeza fimbo ukutani. Nyuma ya nyumba, baba mkwe akakohoa.

Mimi nilikuwa nalia, kamasi na machozi pamoja. Mtu wa matofali akaweka kofia kichwani, akapandisha fremu yake begani. "Asante, mama," akaniambia, kama kila siku, akatoka uani. Pale njia inapogawanyika hakushika ya Igamba. Alishika ya Tunduma, kurudi kwao, akatembea mwendo wake ule wa mtu anayekwenda kazini, hakugeuka, na sikumwona tena.