Tangazo la Mkunga

Nilikuja Bukoba kutoka Morogoro na sanduku moja, nimepangiwa uchapaji katika ofisi ya serikali, sijui neno hata moja la Kihaya. Nilipanga chumba mtaa wa Nshambya. Majirani walikuwa wema. Nikipita walinisalimu kwa Kiswahili, kisha wakarudi kwenye maongezi yao, nami nikaenda zangu. Jumapili nzima ingeweza kupita sijaongea na mtu.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Kijiji kimoja kipya upande wa Muleba kilijengewa zahanati, na tangazo la kutafuta mkunga niliandika mimi. Nililipamba kweli: wito wa taifa, ujenzi wa nchi, kijiji cha mfano. Maombi yakajaa faili. Mkunga wa kwanza alikaa miezi miwili. Wa pili hakumaliza mwezi. Wa tatu aliteremka kwenye lori, akatazama huku na huku, akarudi na lori hilohilo. Baada yake mama mmoja alifia njiani, akibebwa kwa machela kwenda hospitali ya Rubya kujifungua.

Habari hiyo pia niliichapa mimi, mistari minne. Nikamwomba mkuu wangu ruhusa ya kwenda huko.

"Wewe ni mchapaji. Unakwenda kuona nini?"

"Ninachokiandika, mzee."

Zahanati ilikuwa safi, bado ikinuka chokaa. Nyumba ya mkunga ilikuwa peke yake kilimani, mbali na migomba ya watu. Nilikaa mlangoni pake kusubiri lori, tangu asubuhi hadi alasiri. Wanawake waliokwenda kuteka maji walinipungia mkono, wakapita. Nikawaelewa wale watatu, kwa sababu mimi mwenyewe ndivyo nilivyokuwa naishi.

Tangazo la pili lilikuwa fupi: "Anatakiwa mkunga. Nyumba ipo, jikoni panavuja. Maji yako bondeni. Lori hufika mara moja kwa wiki. Hakuna jirani wa karibu, na mwanzoni hutakuwa na wa kuzungumza naye. Akina mama wa hapa hawana mwingine."

Mkuu alilisoma mara mbili. "Nani ataomba kazi hii?"

"Atakayeomba atakaa."

Akasaini, akitikisa kichwa.

Aliomba mtu mmoja tu, mwanamke wa makamo aliyelisoma ubaoni huko Rubya. Alipokuja ofisini nilimuuliza kama amelielewa.

"Nimelielewa, mwanangu. Nimezalisha watoto wa watu miaka mingi, wangu sikupata. Mume akanirudisha nyumbani. Kila ninapopita, watu hunyamaza, kisha huanza kunong'ona. Uliposema hakuna jirani wa karibu, hapo ndipo niliposimama." Akanitazama. "Na wewe unaishi na nani?"

"Peke yangu."

Hakusema pole. Aliniambia tu niende kumtembelea.

Nilikwenda sikukuu moja, miaka miwili baadaye. Alikuwa bado yupo. Jikoni pameezekwa upya na wanakijiji. Alipika ebitoke, ndizi za kwao, na maharage, tukakaa mkekani. Hatujala sana, mwanamke akaita kutoka njiani kwa Kihaya, sauti ya haraka. Mwenyeji wangu akanawa mikono, akachukua mkoba wake.

"Kula, usinisubiri," alisema, akashuka mbio kilima.

Nikala peke yangu, nikaosha vyombo, nikavifunika. Lori lilipopiga honi alikuwa hajarudi.