Ng'ombe wa Mjomba na Sanduku la Diski Mbili

Mwanangu, kuna siku moja ya mvua mjini Kitale ambayo naikumbuka mpaka harufu yake, na tangu uliponitumia ule ujumbe wako Jumapili imekuwa ikinirudia. Uliniandikia, "Niaje shangazi," nami nikakusamehe kwa sababu nakupenda. Kisha ukaniuliza kama kwenye kompyuta unayojiundia huko Kibabii, ya kuhariri video za harusi, utie RAID ama uachane nayo. Ulitaka jibu la neno moja. Pole, mimi ni mtu wa maneno mengi, na jibu langu linapitia kijiji cha Bokoli.

Nilikuwa kijana, nina chumba kimoja cha kuhariri video juu ya duka la mbegu, na watu walinicheka kwamba msichana mzima anakimbizana na harusi za wenzake badala ya kutafuta yake. Waache. Kazi ilikuwa inaingia. Nilipopata pesa kidogo nikaenda kwa Kalasinga mmoja aliyekuwa akiuza vifaa vya kompyuta, akaniuzia sanduku lenye diski mbili. Hiyo ndiyo RAID yenyewe, ile ya kioo: unachoandika kwenye diski hii kinaandikwa papo hapo kwenye ile nyingine, na kompyuta inaziona kama diski moja. Aliniambia wazi kwamba moja ikifa, nyingine itaendelea na kazi. Hakuniambia zaidi ya hapo. Mengine niliyaongeza mwenyewe, na kila mteja aliyepanda ngazi zangu nilimwonyesha lile sanduku na kumwambia kazi yake haiwezi kupotea.

Basi nikaenda Bungoma kupiga video ya harusi ya Nafula. Baba yake alikuwa mgonjwa sana, ameletwa akakalishwa kwenye kiti, na hakuna aliyetarajia aseme lolote. Akaomba maikrofoni. Alimbariki binti yake, akamtania bwana harusi kuhusu viatu vyake vilivyochongoka, akamshukuru mkewe huku akimwita kwa jina la utotoni ambalo hata watoto wao hawakulijua. Mimi nyuma ya kamera nililia, na kazini sikuwa na desturi hiyo.

Siku chache baadaye akanijia studio mjomba wa Nafula, kaka ya mama yake, Mzee Wekesa wa Bokoli. Alitaka nakala yake ya harusi, yote, kabla sijaikata. Nikamweleza kwa adabu kwamba mimi sitoi kazi ambayo haijaisha, kama vile fundi cherehani asivyotoa suti isiyo na mikono. Akavuta kiti, akaketi.

"Mahari ikikuja, ng'ombe ya mjomba inatoka kwanza," akasema. "Haingoji hizo zingine. Na hii picha ni hivyo hivyo."

Nilinuna, lakini mjomba wa bibi harusi si mtu wa kubishana naye. Nikashinda siku nzima nikimtolea nakala kwenye sidii, moja baada ya nyingine, yeye akinisubiri huku akinywa chai yangu. Alipoondoka nikamsahau. Kanda za kamera nikazirekodia harusi nyingine, kama tulivyofanya wote siku hizo, maana kila kitu kilikuwa kwenye sanduku, tena mara mbili.

Kabla sijamaliza kuhariri, baba yake Nafula akafariki. Nafula akanipigia simu, sauti imemkauka, akaniomba jambo moja tu: mama yake alitaka kumsikia mzee mara moja zaidi kabla hajazikwa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mchana huo huo, nikiwa natafuta kipande chenyewe, mvua ya Kitale ikaja na radi. Mlio mmoja tu, stima ikapotea, na chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Sanduku lilikuwa limekufa, pamoja na diski zote mbili ndani yake. Nilimpelekea yule Kalasinga, akazitoa, akazijaribu kwenye kompyuta yake mwenyewe, kisha akanivutia kiti nikae.

Sikuwa na uso wa kumwangalia yule mama. Kesho yake nikaenda Bokoli kumwomba Mzee Wekesa anisindikize kwa dada yake, anisemee, maana nilijua mimi nitashindwa hata kufungua mdomo. Nikamweleza kila kitu, machozi yananitoka. Kuhusu zile sidii, usinicheke, hazikunijia akilini kabisa. Kwangu zilikuwa kitu cha kumnyamazisha mzee. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani, akarudi na mfuko wa unga uliokunjwa vizuri. Ndani zilikuwamo zote.

"Wewe ulifikiria mimi nataka kuangalia harusi? Hata TV sina," akasema. "Sikiza, msichana wangu. Ng'ombe ya mjomba haikai na hizo zingine. Ugonjwa ikiingia kwa boma, zinaisha zote, lakini hiyo moja iko kwetu. Wewe yako ulifunga mbili kwa kamba moja."

Hakupandisha sauti. Kisha akamwambia mkewe anipikie ugali, kwa sababu waliniona nimekonda.

Tuliicheza alasiri ya siku iliyotangulia mazishi, sebuleni kwa kina Nafula, familia tu. Picha haikuwa safi sana, lakini sauti ilikuwa yake. Yule mama alikaa amefumba macho. Kwenye viatu vya bwana harusi akacheka kidogo, mkono mdomoni. Na mumewe alipomwita kwa lile jina la utotoni, akaitika. Nafula alinishika mkono, nami nilimpenda Mzee Wekesa saa ile kama baba yangu mzazi.

Sasa nikujibu. RAID ni kitu kizuri, mwanangu, na ukiweza itie. Ukiwa na harusi kadhaa za kukabidhi na diski moja ikafa Ijumaa, ile ya kioo itakuwezesha kuendelea kukata huku ukitafuta diski nyingine. Ile ya kugawanya kazi kwenye diski mbili ili upate kasi usiiamini na video za watu, maana moja ikifa zote zimekwenda, na siku hizi diski moja ya kisasa ya SSD itakupa kasi ya kukutosha. Lakini usije ukaiita RAID nakala, kama nilivyoiita mimi. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, imefutika pande zote papo hapo. Mwizi akibeba kompyuta amebeba zote, na radi za huku kwetu unazijua. Kwa hiyo kama pesa zako zinatosha kitu kimoja tu, usianze na sanduku. Nunua diski ya nje, nakili kila kazi siku ile ile unayorudi nayo, kabla hujafuta kadi ya kamera, kisha itoe hapo unapolala.

Utaniuliza uipeleke wapi. Zangu ziko Bokoli mpaka leo, kwa mtoto wa Mzee Wekesa, kwenye kabati la vyombo. Mzee mwenyewe tulishamzika, na video ya mazishi yake niliipiga mimi. Zako zilete Kitale. Mimi ni dada ya baba yako, nina haki ya kudai fungu langu, na ninalidai kabla hujakata chochote. Nitakuwekea kwenye mfuko wa unga. Usipozileta nitakuja Kibabii mwenyewe, nivute kiti, ninywe chai yako siku nzima mbele ya wenzako.

Mungu akulindie macho yako na hiyo mikono yako, mwanangu, akuletee wateja wenye subira. Na kila sauti utakayokabidhiwa, akujalie uwe nayo siku mwenyewe atakapokuja kuiomba.