Pipa la Mkaa la Bi Nili

Mtaa mzima ulimwita Bi Nili, kwa kuwa mikono yake ilikuwa ya bluu hadi viwikoni na haikuwahi kutakata, hata siku ya harusi yake. Kazi yake ilikuwa kutia vitambaa rangi uani kwake, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Tatizo lilikuwa maji. Akimaliza kusuuza aliyamwaga mferejini, nayo yakateremka moja kwa moja hadi kwenye kidimbwi cha wifi yake, dada wa mumewe, aliyefuga bata weupe.

Walikuwa weupe zamani. Asubuhi moja wifi alipanda mlima na bata kwapani, bata wa bluu aliyepiga kelele kuliko mwenyewe.

"Wifi, huyu nani atamnunua? Nikiona rangi tena naenda kwa bwana afya aufunge huu ua wako. Usije ukasema sikukwambia!"

Bi Nili alicheka, lakini alijua wifi hatanii. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, wala hakuitaka. Fundi wa pampu aliwahi kumwambia kwamba mkaa hunasa rangi. Basi akatoboa pipa chini, akapanga kokoto, mchanga, kisha mkaa wa vifuu vya nazi alioutwanga mpaka akapiga chafya nyeusi. Akamimina maji kwa pupa. Yakatoka meusi tii, yakashika njia ya mferejini. Alikuwa amesahau kuuosha mkaa!

Jioni wifi alirudi na bata mweusi. Alimwinua juu, aonekane vizuri.

"Nipe mpaka kesho, wifi yangu," Bi Nili aliomba.

Kesho yake aliuosha mkaa ukaisha vumbi lote, kisha akamimina maji kata moja moja. Mtu asiyeweza kungoja chai ipoe, siku hiyo alingoja. Yaliingia juu yakiwa ya bluu, yakadondoka ndooni tone tone, maangavu. Wifi alipofika, aliiangalia ndoo kwa jicho la pembeni.

"Haya ya bomba haya. Unanifanya mtoto?"

"Chovya chochote."

Wifi alivua kitambaa chake cha kichwani, cheupe pe, akakizamisha, akakikamua, akakikunjua juani. Kilikuwa cheupe vilevile. Bi Nili alifurahi hadi machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wake wa bluu.

Wifi alikigeuzageuza kile kitambaa, kisha akamkabidhi.

"Sasa nitilie rangi," alisema. "Bluu ileile ya bata. Tangu jana watu hawaishi kuniuliza nimempata wapi."